Kumi na Tisa Haifiki Hamsini

Kati ya kumi na tisa na hamsini na mbili, ipi kubwa?

Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimesoma fizikia, kemia na biolojia, nimepasua vyura kwa mikono yangu hadi harufu ya maabara ikahamia kwenye nywele, na sikuweza kulijibu. Nilisimama mbele ya wazee kumi na mmoja, nikafungua mdomo, nikaufunga. Aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa kamati, mzee aliyeacha shule darasa la tatu na ambaye hesabu zake zote alizifanya kwa mizani ya majani chai. Alinisubiri bila haraka. Hata alinionea huruma kidogo, na mimi ningefanya hivyo hivyo kama ningemwona msichana wa kidato cha sita akitokwa na jasho kwa swali la watoto wa chekechea.

Kwa asiyejua mambo ya mitihani yetu, nieleze. Katika mtihani wa kidato cha nne, kila somo lilipewa alama kuanzia moja hadi tisa. Moja ndiyo ilikuwa bora. Tisa ilikuwa njia ya adabu ya kukuambia kwamba kalamu yako ingebaki dukani. Walichukua masomo yako sita bora, wakajumlisha. Mwenye sita alikuwa malaika. Mwenye hamsini na nne alikuwa ameketi kwenye chumba cha mtihani kwa ajili ya kivuli tu. Mimi nilipata kumi na tisa, daraja la kwanza, na ndiyo maana nikaenda kidato cha tano. Kaka yangu alipata hamsini na mbili. Alibakiza pointi mbili tu amalize kuanguka.

Huyu kaka alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni kaka, neno binamu ni la vitabuni. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono mipana, na baada ya matokeo yake alipata kazi mahali pa kukusanyia maziwa, ambapo alipima maziwa asubuhi na kuzungumza na ng'ombe wa watu mchana. Ng'ombe walimpenda. Nilikuwa nikisema kwamba ndio waliomsahihishia mtihani.

Mimi nilitaka udaktari. Msinitafutie bibi aliyejua mizizi na magome, maana kila ninapoeleza habari hii kuna mtu anayenitafutia. Kogo wangu, yaani bibi yangu, aliamini aspirini na Zaburi, kwa mpangilio huo. Nilichotaka mimi kilianza nilipokuwa na miaka tisa, kwenye zahanati ndogo iliyokuwa karibu na kwetu, ambako mhudumu alikuwa na chupa moja kubwa ya maji ya rangi ya waridi. Aliyekohoa alipewa kijiko. Aliyeumwa mguu alipewa kijiko. Mama mjamzito alipewa vijiko viwili. Nilimuuliza, "Hiyo chupa ina nini ndani?" Akaniambia, "Ina dawa." Nikamuuliza, "Dawa gani?" Akanitoa nje kwa ufagio. Tangu siku hiyo nilijua kwamba nitasoma mpaka mtu aniambie kilichomo ndani ya chupa.

Basi matokeo ya kidato cha sita yalikuja, na hayo yalikuwa ya herufi. Herufi zangu hazikuwa mbaya. Zilikuwa tu za mtu ambaye Nairobi ilifikiri angefaa zaidi kuwa mwalimu. Waliniita kusomea ualimu. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaenda Sotik kununua chumvi, na huko ndiko udaktari uliponifuata dukani.

Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyeuza vitambaa, chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Miaka ile leseni za maduka kama lake zilianza kuangaliwa na serikali kwa jicho la pembeni, na mtu akiangaliwa hivyo huwa na mapenzi ya ghafla kwa majirani. Alikuwa amechangia mabati ya kanisa, ingawa yeye hakuwa wa kanisa hilo wala la lingine lolote. Sasa alikuwa na zawadi mpya. Shemeji yake alikuwa karani mkubwa katika chuo fulani huko India, chuo cha tiba ya Ayurveda, na shemeji alikuwa tayari kumpa nafasi kijana mmoja kutoka Sotik.

"Ayurveda ni nini?" nikamuuliza.

"Ni daktari, dada. Daktari ya zamani sana. Majani, mafuta, poda. Lakini iko shahada, iko mtihani, iko kupasua maiti. Miaka tano na zaidi."

"Inaponya?"

"Inaponya sana!"

"Wewe unapougua unaitumia?"

Alipanga pakiti za chumvi upya. "Mimi ninaenda kwa daktari ile ya Kisumu," akasema.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimesikia neno shahada na neno maiti, na nilijua kwamba wanaopasua maiti huonyeshwa kilichomo ndani. Nikajiambia nitaenda, nitasoma, nitauliza kila kitu, na kama ni uongo nitakuwa mtu wa kwanza kuuthibitisha nikiwa na joho.

Mwenye duka, kwa kuwa zawadi yake ilikuwa ya majirani wote, aliipeleka barua ya shemeji kwa kamati ya kanisa. Kamati ilikutana kwenye kituo cha kuuzia majani chai, kwa sababu mabati ya kanisa yalikuwa yametobolewa na mvua ya mawe na mafundi walikuwa juu. Kituo kilikuwa banda la mbao lenye sakafu ya saruji na mizani imening'inia katikati. Siku za kazi tulipanga foleni pale na vikapu vyetu, karani akanyanyua kikapu, akakitundika kwenye ndoano, akasoma ratili, akapunguza uzito wa kikapu na wa umande, na tukarudi nyumbani tukiwa tumepungukiwa. Hakuna aliyebishana na ile mizani. Hata mwenyekiti alipokuwa akitoa hoja, alikuwa na tabia ya kuishika ile ndoano, kama wahubiri wanavyoshika Biblia.

Barua ilikuwa fupi na ya Kiingereza. Katibu wa kamati, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliitafsiri. Nafasi ni moja. Mwanafunzi awe na cheti cha mtihani wa sekondari, chenye alama zisizopungua hamsini. Ingefaa kama anajua Kisanskrit.

"Hiyo ya mwisho ni lugha?" mwenyekiti akauliza.

"Ni lugha yao ya kale," katibu akasema.

"Atajifunza huko. Mimi nilijifunzia Kiswahili Burma kwenye vita, na hakuna mtu alinipiga mtihani."

Waliotaka nafasi tulikuwa wawili. Mimi nilijitaja mwenyewe. Kaka yangu alitajwa na baba mdogo, naye akashtuka kama mtu aliyeitwa na polisi. Kisha wazee wakaanza kuchagua kwa njia zao. Mmoja alisema mkubwa kwa umri ndiye aende. Mwingine alisema tufunge na kuomba siku tatu. Wa tatu alisema jambo ambalo wengine walikuwa wakilizunguka:

"Msichana tukimpeleka India, si atarudi na bwana mwenye kilemba?"

Wakacheka. Baba yangu, ambaye alikuwa ameketi nyuma kwenye magunia, hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Baba alikuwa mtu wa kusema jambo lake mwezi mmoja baada ya mkutano.

Ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko nyingine zote, na nikawaambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye midahalo:

"Wazee wetu, naomba mchague kwa alama. Siyo kwa umri, siyo kwa mwanamume na mwanamke, siyo kwa ukoo. Barua yenyewe inataka alama. Namba haina mjomba, haina shangazi. Tuleteni vyeti, mwenye alama nzuri aende."

Mwenyekiti aliishika ndoano.

"Huyu msichana amesema maneno ya maana," akasema. "Mimi hii mambo ya upendeleo nimechoka nayo. Katibu, andika: tutachagua kwa namba. Namba peke yake."

Walinipigia makofi. Nilitoka pale nikitembea juu ya hewa. Nilikuwa nimeshinda umri, kilemba na maombi ya siku tatu kwa hotuba moja.

Jumamosi iliyofuata tukaleta vyeti. Nilitoa cha kidato cha sita kwanza, kwa majivuno. Mwenyekiti akakigeuza juu chini.

"Hii ni herufi."

"Ndiyo, mzee. Ni cheti cha juu zaidi."

"Tulisema namba. Herufi tutapima na nini?" Aliigonga mizani kwa kidole, ikayumba. "Wewe mwenyewe ndiwe ulisema namba, si ndio? Au tumeandika vibaya?"

Katibu akathibitisha kwamba tumeandika vizuri. Nikatoa cheti cha kidato cha nne, na kaka yangu akatoa chake, kilichokunjwa mara nane, kwa sababu hakuwa ametarajia kwamba kuna mtu duniani angetaka kukiona tena. Katibu akajumlisha, akasoma: msichana, kumi na tisa. Kijana, hamsini na mbili.

Banda likaguna. Siyo guno la huzuni. Baba mdogo alikuwa amesimama, anasalimiwa kwa mikono miwili.

"Hapana!" nikasema. "Hamsini na mbili ni kuanguka! Ameanguka!"

"Pole pole, binti yangu," mwenyekiti akasema. "Hakuna anayekudharau. Ulijitahidi. Sasa nijibu swali moja tu, ukiwa umetulia. Kati ya kumi na tisa na hamsini na mbili, ipi kubwa?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo na kuufunga. Nikisema hamsini na mbili, nimekwisha. Nikisema kumi na tisa, mimi ni mwendawazimu. Elimu yangu yote ya serikali haikuwa imeniandalia jibu la tatu.

"Mzee, kwa mtihani wetu, kidogo ndio kizuri," nikasema mwishowe.

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. "Leo asubuhi mama yako ameleta ratili ngapi hapa?" akauliza yule mzee wa swali la kilemba. "Angeleta kidogo tungemwandikia nyingi?"

Nilimtazama katibu. Katibu alijua. Alikuwa mwalimu, alikuwa na cheti chake mwenyewe ukutani, na kila mwaka alisoma majedwali yaleyale ya madaraja. Nilimwambia, "Mwalimu, waeleze." Akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya tai. Aliifuta vizuri. Alifuta upande mmoja, akafuta wa pili, akarudia wa kwanza. Shamba alimojenga nyumba yake lilikuwa la mwenyekiti, na miwani hiyo ingeendelea kuwa chafu mpaka mkutano ufungwe.

Kisha nikapata wazo ambalo mpaka leo naamini lilikuwa zuri.

"Wazee, ni kama mbio! Mtu akikimbia maili moja, tunahesabu dakika. Mwenye dakika chache ndiye mshindi. Mwenye nyingi ndiye wa mwisho. Kweli au si kweli?"

Kwetu unaweza kumdanganya mtu kuhusu mambo mengi, lakini si kuhusu mbio. Niliwaona wakipiga hesabu, mmoja mmoja. Yule wa kilemba aliacha kucheka. Baba mdogo akaketi. Kwa muda wa kama pumzi tatu nilikuwa daktari.

Mwenyekiti alifikiri. Lazima nimpe haki yake: alifikiri kwa kweli. Kisha akaichukua barua kutoka kwa katibu, ingawa hakuweza kuisoma, akainyanyua.

"Hiyo ya mbio umesema kweli. Lakini hawa watu wamesema isipungue hamsini. Isipungue! Sasa niambie, wewe uliyesoma. Kuna mbio gani duniani ambayo wanakataza mtu kupunguza dakika?"

Mbio hizo nazitafuta mpaka leo. Ilikuwa hoja safi kuliko zote nilizokutana nazo baadaye chuo kikuu, na ilitoka kwa mtu aliyekuwa amekosea kila kitu.

Kaka yangu muda wote huo alikuwa akitazama viatu vyake. Hakusema neno. Alijua ameanguka, shule nzima ilijua, na angeweza kusema sentensi moja tu. Niliuhesabu ule ukimya kuwa wizi, na nikauweka moyoni mahali nilipoweka vitu vya kudumu.

Njiani kurudi nyumbani baba alitembea mbele yangu katikati ya majani chai, mikono nyuma. Tulipofika kwenye daraja la magogo akasimama.

"Hiyo kumi na tisa," akasema bila kugeuka. "Kumbe ni nzuri kweli?"

"Baba! Niliitwa kidato cha tano kwa hiyo kumi na tisa!"

"Nilidhani walikuchukua kwa huruma," akasema. "Sikutaka kukuuliza, nisikuumize."

Miaka miwili baba yangu alikuwa amenificha aibu ya ushindi wangu. Hata leo sijui kama nilipaswa kucheka au kumkumbatia. Sikufanya lolote, nikavuka daraja.

Sikukubali, bila shaka. Nilichukua anwani kwenye kona ya barua, nikaandika yangu kwa Kiingereza changu bora, kurasa mbili kwenye karatasi nene niliyonunua kwa makusudi katika duka la yuleyule Mhindi. Nilimweleza shemeji mfumo wetu wote. Nilimchorea jedwali. Kwa kuwa nilishuku kwamba anahesabu kwa mia, nilimgeuzia alama zetu kuwa asilimia: kutoka mbovu kabisa, hamsini na nne, hadi bora kabisa, sita, kuna ngazi arobaini na nane. Mimi nimepanda thelathini na tano, karibu asilimia sabini na tatu. Mwenzangu aliyependekezwa amepanda mbili, asilimia nne. Hiyo ya mwisho niliipigia mstari kwa rula. Sikuwa na haja ya kumtaja, hoja yangu ilisimama bila yeye, lakini nilimtaja, kwa jina lake kamili, ili wasije wakamkosa.

Nikaituma, nikangoja. Kilichokuja ni barua ya kumwita kaka yangu: chuo kimeona alama hamsini na mbili, kimeridhika, aje. Mwenyekiti aliizungusha ile barua kanisani kama ushahidi. Aliponiona akanipa mkono. "Umeona? Hata India wanajua kuhesabu."

Siku ya kuondoka, kaka yangu alikuja kwetu kuaga. Alisimama nje ya ua wa michongoma, amevaa koti la baba mdogo lililombana kwenye mabega.

"Dada," akasema, "mimi hata sijui kwa nini..."

"Nenda," nikamkatiza. "Nenda ukawe daktari wa asilimia nne."

Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kawaida, kwa kuwa hakujua hesabu yake. Alicheka kwa shukrani, kwamba angalau namtania, na akaenda.

Mimi nilienda Nairobi nikawa mwalimu wa biolojia. Nilijifunza kutilia shaka serikali, dini, mapenzi, na chakula cha bwenini, kila kimoja kwa wakati wake. Likizo nilipokuja nyumbani niliambiwa habari za kaka: amejifunza Kigujarati, amejifunza kile Kisanskrit, amerudia mwaka wa kwanza, hali nyama. Hiyo ya nyama ndiyo iliyomhuzunisha baba mdogo. Nilimtabiria kwamba atarudi na boksi la poda na cheti kilichoandikwa kwa mkono.

Alirudi baada ya miaka saba na shahada. Akafungua chumba Sotik, nyuma ya duka la yuleyule Mhindi, ambalo sasa halikuwa la Mhindi. Watu walimjia kutoka Sigor, walimjia kutoka upande wa Kisii. Nilisema ni ushamba. Nilisema watu hupona wenyewe na kumshukuru aliyekaa karibu. Nilisema hayo mpaka mgongo wangu, uliochoka kusimama mbele ya ubao, uliponikamata siku moja nikashindwa kuokota chaki, na mama akanipeleka kwake kama anavyopeleka ndama.

Alinipa chupa ya mafuta na unga wa kijani kwenye karatasi. Nilikuwa nimejiandaa.

"Hii chupa ina nini ndani?"

Akavuta kiti. Akaniambia. Mafuta ya ufuta, akasema, na mizizi hii, na jani hili ambalo hapa kwetu halioti kwa hiyo ameweka lile, na hilo la pili hana uhakika nalo sana, anajaribu. Unga huu ni wa kusaidia tumbo, kwa mgongo haufanyi kitu, lakini ameona sili vizuri. Alichukua nusu saa. Watu walikuwa foleni nje. Alipomaliza akaniuliza, "Umeuliza yote?" Nilikuwa na miaka karibu thelathini na mbili, na huyo alikuwa mtu wa kwanza katika fani yoyote ya tiba aliyenijibu swali langu. Nilienda nyumbani nikiwa nimekasirika sana. Mgongo ukapona. Nilisema ungepona wenyewe, na yeye alikubali kwamba inawezekana.

Miezi michache baadaye mvua ya mawe iliipiga Sotik mchana kweupe, mawe makubwa kama mbegu za parachichi. Nilikuwa sokoni, nikajificha kwake. Dirisha lilivunjika, kisha jiwe moja likaingia moja kwa moja likapasua kioo cha shahada yake ukutani, kama mtahini aliyechelewa. Tuliishusha haraka kabla maji hayajaingia. Alikuwa ameshika fremu, mimi nikavuta karatasi. Zikatoka mbili. Nyuma ya shahada palikuwa na karatasi nene iliyokunjwa, ya kuziba nafasi.

Niliufahamu mwandiko kabla sijasoma neno. Ulikuwa wangu.

Akaangalia, akageukia dirisha akaanza kuokota vioo. "Ah, hiyo," akasema. "Yule karani wa chuo alinipa, akaniambia mrudishie dada yako. Nikaona nitakutia aibu. Ni karatasi nzuri, inazuia vumbi."

Kwenye ukurasa wa kwanza, kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia kumi na tisa yangu duara na kuandika pembeni: haifiki kiwango. Jedwali langu lote halikuguswa, hakuna dalili kwamba alisoma zaidi ya namba hiyo. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa sahihi. Sotik nzima ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye chuo kile kingempokea, na kamati ilimchagua, kwa sababu zilizokuwa za kijinga hapa na za kijinga vilevile upande wa pili wa bahari. Nilianza kucheka.

Kisha nikageuza ukurasa. Chini ya jina lake kamili, chini ya asilimia nne niliyoipigia mstari kwa rula, palikuwa na maandishi ya penseli, makubwa, ya mtu asiyezoea kuandika Kiingereza. Yalisema: Haya ni kweli. Kwetu kidogo ndio kizuri. Mimi nilianguka. Tafadhali mwite yeye, mimi nitarudi nyumbani. Alikuwa ameweka sahihi na tarehe, siku ya tatu tangu afike, na chini yake ile kalamu nyekundu ilikuwa imejibu kwa neno moja: haiwezekani.